Punda Anataka Muda wa Kula, Si Debe la Pumba: Maswali na Majibu

Nyasi zikianza kukauka mwezi wa sita, ujumbe kuhusu punda huongezeka. Safari hii umetoka mkoani Mwanza: Magu, Misungwi, Sengerema, Kwimba, Nyamagana na pembeni mwa Ziwa Victoria huko Ilemela, na mmoja umetoka kwa kijana anayetunza farasi. Maswali nimeyafupisha. Mengi yanazunguka jambo moja: mnyama huyu analishwa kama ng'ombe, au kama gari linalojazwa mafuta jioni, ilhali tumbo lake haliko hivyo kabisa.

Mwangaluka daktari. Nina punda wawili wa mkokoteni, wanabeba mchanga na matofali tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni giza likikaribia. Wakirudi nawapa debe la pumba za mahindi wagawane. Mbavu zinaonekana na mmoja ameanza kuchechemea. Niongeze pumba? (Magu)

Mwangaluka ndugu yangu. Usiongeze. Zipunguze, tena kuanzia wiki hii.

Ng'ombe hula haraka, akalala chini, akacheua. Punda hacheui. Tumbo lake ni moja tu, tena dogo (hata la farasi mzima huchukua lita 8 hadi 15 tu, la punda ni dogo zaidi), na akila kibaya hawezi kukitapika. Nyasi husagwa na meno, zikapita tumboni upesi, kisha zikafika kwenye utumbo mkubwa ambako bakteria huzichachua polepole na kumpa nguvu ya kuvuta huo mkokoteni. Kazi hiyo inahitaji chakula kiingie kidogo kidogo kwa saa nyingi. Punda aliyeachiwa huru hutumia saa 14 na zaidi kwa siku akitafuna. Wako wanafanya kazi saa 12, wanamaliza debe kwa nusu saa, halafu wanasimama zizini usiku kucha midomo mitupu.

Pumba nyingi kwa mara moja zina hatari nyingine. Wanga unaoshindwa kusagwa juu hushuka utumbo mkubwa, unachacha vibaya na kutengeneza asidi, bakteria wazuri wanakufa. Hapo ndipo unapata msokoto wa tumbo, au joto na maumivu ndani ya kwato. Huyo anayechechemea, mguse kwato za mbele jioni ulinganishe na za mwenzake. Zikiwa za moto, na akisimama ameegemea nyuma kama anayekwepa kukanyagia mbele, msimamishe kazi leo na umwite mtaalamu wa mifugo.

Sasa walishe hivi. Punda wa kilo 150 anahitaji kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku, na anayefanya kazi nzito awe karibu na hizo 3. Chakula hicho kiwe majani: nyasi kavu, mabua ya mahindi yenye majani yake, nyasi za mpunga ukichanganya na majani ya viazi vitamu au ya karanga. Kwa mabua, weka karibu mara mbili ya hesabu hiyo, maana atachagua majani na kuacha miti. Usiku chakula kisikatike mbele yao. Mchana wafungue walau saa moja na nusu kivulini wale na kunywa. Na muda ule vijana wanapopakia mchanga kwa koleo, punda amesimama bure: fungia kiroba cha nyasi kwenye mkokoteni, kitoe kila mnapopakia.

Pumba zibaki nusu kilo asubuhi na nusu kilo jioni kwa kila mmoja, zichanganywe na majani yaliyokatwakatwa ili atafune badala ya kumeza. Mabadiliko yote yafanye kwa siku 7 hadi 10, kwa sababu bakteria wa tumboni wanahitaji muda kuzoea chakula kipya.

Kuna jambo jingine kwenye pumba ambalo wengi hawaambiwi dukani. Pumba za mahindi na za mpunga zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Punda anahitaji kalsiamu isipungue fosforasi, na vizuri iwe karibu mara mbili yake. Ukimlisha pumba miezi mingi, mwili unaanza kuchomoa kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Uso unavimba juu ya taya, meno yanalegea, anachechemea mguu huu leo na ule kesho. Majani ya tembo nayo yana kitu kinachoshika kalsiamu isitumike, kwa hiyo pumba pamoja na majani ya tembo peke yake ni mchanganyiko mbaya kwa punda hata kama ng'ombe ananenepa nao. Nunua chokaa ya mifugo, ile wanayochanganyia chakula cha kuku, umpe kijiko kimoja cha chakula kwa siku juu ya pumba. Chokaa ya kupaka ukuta hapana, hiyo inaunguza.

Mbavu usizipime kwa macho, manyoya hudanganya. Weka kiganja kibavuni na upapase kama unayefuta meza. Punda mzuri, kila ubavu unausikia chini ya tabaka jembamba la nyama, lakini ukisimama mbali huwezi kuzihesabu.

Daktari, punda wangu ananyonyoka nywele za mkia na za shingoni, mkia umebaki kijiti. Ngozi haina upele wala kidonda. Nimempaka dawa ya kupe na oili chafu bila nafuu. Anakula vizuri, kwenye ua wangu wa milusina anashinda akivuna majani pamoja na mbuzi. (Sengerema)

Sababu umeiandika mwenyewe mwishoni. Majani ya mlusina yana sumu inayoitwa mimosini. Mbuzi na ng'ombe wanaozoea huwa na bakteria kwenye tumbo la kucheulia wanaoivunja kabla haijaingia mwilini. Punda hana tumbo hilo. Mimosini ikiingia kwenye damu yake inazuia nywele ndefu kukua, ndiyo maana inaanza na mkia na shingo, na ikizidi inafika kwenye kwato: utaona mikunjo na zinakuwa dhaifu.

Mtenge na ua huo kabisa. Hakuna dawa ya kupaka wala sindano. Ukimwondolea majani, nywele zitaota tena kwa miezi. Oili chafu acha leo hii, inaunguza ngozi na akijilamba inaingia tumboni.

Kama ulikuwa unampa lusina kwa ajili ya protini, ukanda wetu umejaa mbadala. Baada ya kupura dengu, choroko, kunde au karanga, yale majani yaliyobaki watu huyachoma shambani. Yakusanye yakiwa makavu na safi. Nusu kilo ya majani ya karanga juu ya nyasi zake za kawaida inamtosha punda wa kazi. Kuwa makini na mimea ya jamii ya marejea: baadhi ya aina zake zina sumu ya ini kwa farasi na punda.

Sisi tuko ufukweni, punda wanakula palepale chini kwenye mchanga. Mmoja hulala na kugaagaa mara kwa mara, anaangalia tumbo lake, halafu anapona. Baada ya wiki mbili tena. Ni minyoo? (Igombe)

Inaweza kuwa minyoo, lakini kwenu ningeanza na mchanga. Punda akiokota pumba na nyasi fupi ardhini, anameza mchanga kila siku. Ni mzito, unatulia chini ya utumbo mkubwa na kukwangua ukuta wake. Ukijaa sana unaziba.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo yake. Okota vipande vitano au sita vya kinyesi kilichoanguka sasa hivi, uvichukue vya juu ambavyo havijagusa ardhi. Vivunje ndani ya chupa, jaza maji, koroga vizuri, iache imesimama dakika kumi na tano. Majani yataelea, mchanga utatulia chini. Ukiona mstari wa mchanga ulio wazi kwenye kitako cha chupa, tatizo unalo. Rudia siku mbili tatu, kwa sababu si kila kinyesi kinatoka na mchanga, na chupa ikiwa safi siku moja usiseme ameshapona.

Chakula kiinueni kutoka ardhini: pipa lililopasuliwa katikati, tairi kuukuu lenye turubai chini, hata mtumbwi uliochakaa unafaa kama hauna misumari wala lami. Nyasi nyingi ndefu ndizo zinazosukuma mchanga utoke, kwa hiyo majani kavu yasipungue. Minyoo nayo ipimwe: peleka sampuli ya kinyesi kwa mtaalamu kabla ya kununua dawa, na kinyesi cha zizini kiondolewe walau mara mbili kwa wiki. Lakini akigaagaa bila kupoa, akitoka jasho akiwa amesimama, au akipita saa kadhaa bila kutoa kinyesi, usisubiri wiki mbili nyingine. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Halafu tazama kama anaokota mifuko ya plastiki pale ufukweni. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini nyavu chakavu, kamba za nailoni na vifungashio bado vimejaa kwenye mialo, na vyenye harufu ya chumvi punda huvitafuna. Nailoni haisagiki, ikifunga utumbo, mara nyingi huwezi kumwokoa.

Magugu maji yapo tele, bure. Naweza kumlisha punda? (Nyamagana)

Hapana. Zaidi ya asilimia 90 ya gugu maji ni maji tu, kwa hiyo atajaza tumbo bila kupata chakula. Tena gugu hilo hufyonza madini mazito na uchafu wa maji linamoota, na karibu na mitaro ya mji uchafu huo ni mwingi. Lifanyeni mboji.

Nafuga kuku. Chakula cha kuku kikibaki nachanganya na mahindi yaliyoshika ukungu, ambayo hayafai kwa ugali, nampa punda. Hajawahi kudhurika. Kuna ubaya? (Misungwi)

Ndugu yangu, katika maswali yote ya safari hii, hili ndilo lililonifanya niache kazi nyingine nilijibu kwanza. Acha kuanzia mlo wa leo.

Vyakula vingi vya kuku, hasa vya vifaranga na vya nyama, huchanganywa na dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu. Baadhi ya dawa hizo, kama monensini na salinomaisini, kuku anazivumilia vizuri lakini kwa farasi na punda ni sumu ya moyo. Kiasi kidogo tu kinaharibu misuli ya moyo, na haiponi. Punda anaweza kuanguka siku hiyo hiyo, au akaonekana mzima kisha akafa wiki kadhaa baadaye akipanda mlima na mzigo, wewe ukadhani ni uchovu. Mifuko mingine ina dawa, mingine haina. Wewe kwa macho huwezi kujua. Hata vyakula vya kunenepeshea ng'ombe vinaweza kuwa nayo. Uliza, soma lebo, na ukikosa uhakika usimpe.

Mahindi ya ukungu yana hatari yake. Kuna aina ya ukungu unaoota kwenye mahindi, mara nyingi wa rangi nyeupe au ya waridi, unaotoa sumu iitwayo fumonisini. Farasi na punda wanadhurika nayo kuliko karibu mifugo mingine yote: inayeyusha sehemu ya ubongo. Mnyama anaanza kuzubaa, anazunguka upande mmoja, anagonga ukuta kana kwamba haoni, anasukuma kichwa kwenye mti, na ndani ya siku chache anakufa. Dawa haipo. Sumu hii hujikusanya zaidi kwenye punje zilizovunjika na chenga, yaani zile tunazopepeta na kuzitenga kwa ajili ya mifugo. Kuchemsha au kuanika juani hakuiondoi. Mahindi ambayo umeyakataa kwa watoto wako, mkatalie na punda. Yachome au yafukie.

Kwa kuwa tayari amekuwa akila, mwambie mtaalamu wa mifugo aje amsikilize moyo, na asibebe mizigo mizito mpaka apimwe.

Wazee wanasema punda akitoka kazini amelowa jasho, akipewa maji hufa. Kweli? (Kayenze)

Si kweli, na imani hii inawatesa wanyama wengi. Punda aliyechoka mpe maji akiwa bado na jasho. Anza na nusu ndoo, mtembeze au mwache apumue dakika tano, kisha mpe mpaka atosheke. Kinachodhuru ni kumpa chakula kingi cha pumba mara tu anapofunguliwa, akiwa na kiu na bado anahema. Maji kwanza, kisha nyasi, pumba baadaye.

Kwa jua letu punda wa kazi anaweza kutumia lita 15 hadi 25 kwa siku, yaani debe moja hivi. Anavumilia kiu kuliko farasi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: halalamiki, lakini akikosa maji anapunguza kula, na majani makavu yanakwama utumboni. Mpe asubuhi kabla ya kufungwa mkokoteni, mchana, na jioni. Jasho linatoa chumvi pia, kwa hiyo kwa siku ya kazi mpe vijiko viwili vya chai vya chumvi ya kawaida kwenye pumba zake. Jiwe la chumvi linasaidia, ila ulimi wa punda hauparuzi kama wa ng'ombe na hawezi kulamba kiasi cha kutosha haraka.

Maji ya ziwa anaweza kunywa, lakini chagua mahali. Ghuba ikitulia siku za joto, juu ya maji hutanda utando wa kijani kibichi unaonuka. Ndani yake kuna bakteria wanaotoa sumu ya ini. Siku hizo chota mbali na utando, au mpe ya bomba au kisima.

Punda wangu jike ni mnene, ana mimba kubwa. Tangu juzi hataki kula, anasimama tu ameinamisha kichwa. Jirani anasema nimwache, punda hujitibu kwa kufunga. (Kwimba)

Mama, usimwache hata usiku mmoja zaidi. Natumaini umeshampigia bwana mifugo kabla ya kusoma hapa, kama nilivyokujibu kwenye simu.

Wengine waelewe sababu. Punda asipokula, mwili unaanza kumimina mafuta yake kwenye damu ili apate nguvu. Kwa mnyama mwingine hilo ni jambo la kawaida. Punda hajui kuyazima: mafuta yanafurika, damu inakuwa kama maziwa, ini na figo vinashindwa. Anayekuwa hatarini zaidi ni yule mnene, mwenye mimba au anayenyonyesha. Kwa hiyo punda mnene aliyekataa chakula siku moja ni mgonjwa zaidi ya punda mwembamba aliyekataa. Dalili ni hizo ulizoandika, pamoja na harufu mbaya mdomoni na kinyesi kidogo kikavu chenye ute.

Wakati mtaalamu yuko njiani, mpelekee vitu vya kumshawishi: majani mabichi laini, karoti iliyokatwa vipande virefu, majani ya viazi vitamu. Uji mwepesi wa uvuguvugu wenye glukosi ya dukani, umlambishe kama anakubali kumeza mwenyewe. Ukimwona anatokwa na mate na chakula puani, usimpe kitu chochote, kuna kilichokwama kooni. Usimtenge na mwenzake; punda aliyetengwa na rafiki yake huacha kula kwa huzuni, na hili si hadithi, wanaowafuga wanalijua.

Na mdomoni kuna kitu? Punda mwenye umri mkubwa mara nyingi ana meno yaliyochongoka yanayokata ulimi na mashavu. Ukikuta chini ya chakula kuna vidonge vya majani vilivyotafunwa nusu na kutemwa, tatizo ni meno, na fundi wake ni daktari wa mifugo mwenye tupa maalumu.

Akipona usimfungie chakula ghafla ili apungue. Unene wa punda hukaa shingoni kwenye mstari wa nywele. Ukiwa mgumu na umeinama upande mmoja, mtoe kwenye pumba zote na umpe nyasi kavu za kawaida. Atapungua kwa miezi, na ndivyo inavyotakiwa.

Mama wa punda amekufa siku ileile aliyozaa. Mtoto yupo hai, tunampa maziwa ya ng'ombe yenye sukari. Anaharisha. (Magu, msomaji mwingine)

Poleni sana. Matatizo ni mawili: maziwa yana mafuta mno, na sukari ya chai utumbo wa mtoto mchanga wa punda hauwezi kuisaga. Maziwa ya punda ni mepesi kwa mafuta na matamu kwa sukari yake ya asili, tofauti na ya ng'ombe.

Chemsha maziwa ya ng'ombe, yaache yapoe, engua utando wote wa mafuta juu. Kwa kila lita weka glukosi gramu 20, yaani vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa. Glukosi ile ya unga inayouzwa dukani ndiyo hiyo. Yapashe yawe na joto la mwili. Siku ya kwanza apate jumla ya asilimia 10 ya uzito wake, mkipanda taratibu hadi asilimia 20 mwishoni mwa wiki ya kwanza. Mtoto wa kilo 15 anaanza na lita moja na nusu kwa siku, anafika lita tatu. Igawanyeni kila saa moja au mbili, usiku pia. Ni kazi ya familia nzima, pangeni zamu.

Anywe akiwa amesimama, shingo imenyooka mbele kama anayenyonya. Mkimlaza na kuinua kichwa, maziwa yanaingia mapafuni.

Dang'a alipata? Kinga za mwili anazipata kwenye maziwa ya kwanza, na utumbo wake unazipokea vizuri saa 6 za mwanzo; baada ya saa 24 mlango umefungwa. Kama hakupata, mtaalamu wa mifugo amwone leo, na mkimwona analala bila kutaka kunyanyuka msisubiri asubuhi. Kwa wengine: punda jike akifa wakati wa kuzaa, mkamue dang'a papo hapo kabla hajapoa, hiyo inaokoa mtoto. Akianza kula kinyesi cha punda wakubwa msimpige, ndivyo anavyopata bakteria wa kumsagia nyasi.

Nimeajiriwa kutunza farasi wawili hapa Ilemela. Mwajiri anataka niwape mahindi na pumba "wapate nguvu". Nipime vipi chakula chao? (Ilemela)

Pima farasi kwanza. Zungusha futi ya fundi cherehani kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Hicho ni kipimo cha kwanza, kwa sentimita. Cha pili ni urefu kutoka kwenye bega hadi mwisho wa tako. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi wa kifua 170 na urefu 155 anapata kilo kama 377. Kwa siku anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito huo, yaani nyasi kavu kilo 6.5 hadi 8.5 hivi ukihesabu unyevu wake. Zipime kwa mzani wa kamba, usikadirie kwa mkono, robota moja na jingine huachana sana.

Farasi anayetembezwa kidogo hahitaji mahindi hata punje. Akifanya kazi kweli, nafaka isizidi nusu kilo kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa mlo mmoja, na mimi ningekaa chini ya hapo sana. Mwonyeshe mwajiri wako hesabu hii kwa heshima. Maji lita 20 hadi 40 kwa siku, chumvi, na yale yote niliyosema juu ya chakula cha kuku na lusina yanamhusu farasi vilevile. Chanjo na kinga dhidi ya mbung'o ziulizie kwa daktari, farasi ni dhaifu kuliko punda kwa magonjwa ya huku kwetu.

Kiangazi kikifika sina majani kabisa. Nyasi nizihifadhije? (Misungwi)

Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na ngitili: eneo linafungwa mvua zikianza, nyasi zinakua bila kuguswa, linafunguliwa kiangazi kikikaza. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliifufua kwa maelfu ya kaya. Hata robo ekari nyuma ya nyumba ukiizungushia miiba inafanya kazi. Kwa punda nyasi zilizokomaa za ngitili zinafaa, hahitaji tamu kama za ng'ombe wa maziwa.

Ukitaka kukata, kata zikianza kutoa maua, anika siku mbili tatu ukizigeuza, zifunge kwa sanduku la mbao marobota ya kilo 15 hadi 20, uyaweke juu ya kichanja chini ya paa. Mabua ya mtama subiri yakomae na kukauka kabisa. Mtama mchanga, au ule uliochipua upya baada ya kukatwa, una sumu ya sianidi. Maganda ya mihogo nayo yaanikwe hadi yavunjike mkononi.

Hesabu yake: punda mmoja kilo 3 kwa siku, siku 120, ni kilo 360. Ongeza zinazomwagika na kuchaguliwa, ufikie marobota 25 ya kilo 20. Kwa punda wawili, marobota 50 yawe kwenye kichanja kabla mwezi wa saba haujaisha. Kila unapofungua robota linuse na ulikung'ute: likitoa vumbi la ukungu, lipeleke kwenye shimo la mboji, ufungue jingine.